Ndizi za Kalinzi na Kesi ya Dumu la Mawese

Nimestaafu Jumatatu, baada ya paredi ya asubuhi, nikiwa na miaka kumi na saba na lengelenge kwenye kisigino. Mwalimu Stephano, anayefundisha uraia na ndiye mlezi wa Mahakama ya Wanafunzi, aliniita mbele, akachukua ufunguo wa kabati la vidhibiti, akasema, "Zuhura ametumikia vizuri. Rudi mstarini." Hotuba ikaishia hapo. Miaka miwili ya kuendesha mashtaka ikafungwa kabla mstari wa kidato cha kwanza haujanyooka.

Desturi ya hapa ni kwamba kiongozi wa kidato cha nne akikabidhi ofisi anaandika kwenye daftari la makabidhiano, ili anayekuja asianze na giza. Aliyenitangulia aliandika sentensi moja: "Kabati likigoma, lipige teke chini kulia." Ni kweli, linafunguka. Lakini siku niliyosimama mbele ya watu hilo teke halikunisaidia kitu. Kwa hiyo mimi naandika marefu. Wewe mwendesha mashtaka mpya, hata kama bado hujachaguliwa, kaa chini usome. Mambo ya nani alipewa beji gani siyaandiki. Beji yenyewe ni ya bati na inaacha kutu kwenye shati.

Kwa wale wanaosoma daftari hili wakati haliwahusu (nawajua): mahakama yetu ilianzishwa na mkuu wa shule aliyepita, alipochoka na fimbo au fimbo zilipomchoka yeye. Wanafunzi tunashtakiana wenyewe: kuchelewa, kutoroka, matusi, ngumi. Hakimu ni kaka mkuu, amevaa joho la kwaya. Nyundo yake ni mwiko wa ugali. Tunakaa maabara, chini ya picha ya mtu aliyepasuliwa tumbo kuonyesha chakula kinavyopita, na nadhani yule ndiye aliyesikiliza kesi zetu kwa makini kuliko wote. Adhabu kubwa ni vyoo, wiki mbili. Wizi tu ndio una njia yake: ukipatikana na hatia, jalada linakwenda kwa mkuu wa shule, naye anakuondoa bweni. Kwa mtu wa mjini hilo ni usumbufu. Kwa anayetoka mbali ndiyo mwisho wa shule.

Sasa, kwa nini mimi. Mimi ni mtu wa aibu, tena si ile aibu ya kupendeza. Dukani namnyooshea mwenye duka kidole kwenye sabuni ili nisiitaje. Lakini naandika. Toka darasa la sita naandika kila siku kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu: nani kasema nini, saa ngapi, kavaa nini. Mwalimu Stephano alilikuta siku moja chini ya dawati, akasoma ukurasa mmoja tu (anaapa ni mmoja), akaniita. "Huyu hapa," akamwambia mwalimu wa zamu. "Polisi wenyewe hawaandiki hivi."

Siku yangu ya kwanza nilimshtaki mvulana wa kidato cha pili kwa kosa la kuongea Kiswahili eneo la Kiingereza. Kesi nzima iliendeshwa kwa Kiswahili, maana hakimu mwenyewe Kiingereza kilikuwa kinamtoa jasho. Nilisimama nikavisomea mashtaka viatu vyangu.

"Sijasikia," akasema mshtakiwa.

Nikasoma tena.

"Bado sijasikia, dada."

Mara ya tatu sauti yangu ikakatika katikati ya neno "kinyume". Yule mvulana akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeangusha sahani harusini, akamgeukia hakimu. "Mheshimiwa, nakubali kosa. Mwacheni akae." Ndivyo nilivyoshinda kesi yangu ya kwanza, kwa huruma ya mshtakiwa. Kwenye kumbukumbu imeandikwa "amekiri".

Kesi ya pili ilihusu mgebuka wa kukaanga ulioingizwa bwenini kinyume cha sheria. Nikauweka kama kidhibiti kwenye kabati siku ya Jumatatu, kesi ikapangwa Alhamisi. Wanaojua samaki wameshaelewa. Jumatano darasa la fizikia lilihamia uwanjani. Alhamisi hakimu alisikiliza kesi akiwa dirishani, akaifuta kwa sababu za kiafya.

Ndipo nikapata mwalimu wa kazi hii. Nyumba ya jirani yetu pale Rusimbi amepanga wakili wa serikali, Wakili Mwanaidi, mtu wa Tanga, aliyeletwa Kigoma kushtaki watu kwa jina la Jamhuri. Ni mfupi, anatembea haraka, na jioni hukaa barazani na majalada mapajani akitafuna karanga. Mama yangu alinituma kumpelekea dagaa, nikasimama getini bila kubisha hodi mpaka aliponiona mwenyewe.

"Wewe ndiye mwendesha mashtaka mwenzangu?" akaniuliza. Mama alikuwa ameshatangaza mtaa mzima. "Shikamoo" yangu akaipokea kwa mkono wenye karanga. "Haya, niambie kesi ya mwisho."

Nikamwambia ya mgebuka. Hakucheka, na hilo ndilo lililonifanya nimpende. "Kinachooza hakiwekwi kabatini," akasema. "Unakipiga picha, unakiandika mbele ya mashahidi na mshtakiwa, wote wanasaini, hakimu anatoa amri kiteketezwe. Mimi nimewahi kuletewa mtumbwi. Ungeuweka kabati gani?"

Kwake nilijifunza karibu kila kitu. Kwamba shahidi wa Kigoma hajakataa kuja mahakamani, amevuka ziwa tu, na ziwa halina ratiba. Kwamba swali moja linatosha kama ulilifikiria nyumbani. Kwamba karatasi zako zote upande wa pili unapaswa kuzijua kabla ya kesi, hata zile zinazokuumiza, tena hizo hasa. Nilimuuliza ameshinda kesi ngapi. Akaokota karanga iliyoanguka, akaipuliza. "Zile nilizoziondoa mwenyewe hujaniuliza," akasema. "Hakuna anayekupigia makofi ukisimama ukasema Jamhuri haina nia ya kuendelea. Ila usiku unalala." Niliyaandika yote. Kuandika nilikuwa najua. Kuelewa kukaja mwaka uliofuata, na dumu la mawese.

Mama Chiku, mpishi wa shule, ni mtu anayeweza kunyamazisha foleni ya watoto mia kwa kuweka mkono kiunoni. Jumamosi moja saa tisa alasiri alichota mawese kwenye dumu la lita ishirini, ya maharage ya jioni, akafunga stoo, akatundika ufunguo msumarini. Saa kumi na moja alirudi, kufuli lipo, ufunguo upo, dumu halipo. Stoo iko mikononi mwake, kwa hiyo kila aliyepita jikoni alimwangalia yeye kwanza. Mtu mzima kulia mbele ya sufuria si jambo la kuangalia.

Mshukiwa akapatikana haraka. Bosco, kidato cha tatu, wa bweni, anatoka Kalinzi huko juu milimani. Wiki ile alikuwa zamu ya jikoni, anajua msumari ulipo. Mchana wote wa Jumamosi hakuonekana bwenini. Alipoulizwa akasema alikuwa Katonga, amekaa mwaloni pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, anamsubiri mjomba wake anayeshuka na pikipiki kununua dagaa na kumletea chakula cha nyumbani. Nani alimwona? Hajui. Lakini kilichommaliza ni ndizi. Jumapili asubuhi, shule nzima ikiwa bado inanong'ona, Bosco alikwenda jikoni, akapiga makofi polepole kama wanavyosalimia kwao, akasema, "Mwakeye, mama," akaweka chini nusu ya mkungu wa ndizi, akaondoka.

Nilipopata habari ya zile ndizi, kiukweli niliruka. Nilikuwa na swali langu moja la kufikiriwa nyumbani, nikalifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikalisema Jumatano mbele ya maabara iliyojaa hadi madirishani, huku macho yangu yakiwa kwenye karatasi kama kawaida: "Mheshimiwa, nani humpelekea zawadi mtu aliyeibiwa, saa kumi na nne tu baada ya wizi, kama si yule ambaye moyo wake unamsuta?"

Watu wakasema "eeeh". Sijawahi kusemewa "eeeh" maishani. Ni kitu kitamu, jihadhari nacho.

Mtetezi alikuwa Rama, wa darasa langu, mwenye mdomo kama redio iliyokwama. "Mheshimiwa," akasema, "kwao Kalinzi mtu akipatwa na jambo majirani hawaendi mikono mitupu. Mbuzi akifa, unapeleka kitu. Paa likiezuliwa, unapeleka kitu. Sasa huyu angepeleka nini, shairi? Naomba kesi iahirishwe wiki moja tumlete mjomba."

"Upande wa mashtaka unapinga," nikasema. Niliiambia karatasi. "Mjomba ni ndugu wa mshtakiwa, na mtihani wa majaribio unakaribia."

Hakimu akakubaliana nami. Akampata Bosco na hatia, akapiga mwiko, jalada liende kwa mkuu wa shule Ijumaa mchana.

Watu wakiwa wanatoka, Bosco akapita mezani kwangu. Alisimama. Akapiga makofi mawili, taratibu, akasema, "Kazi njema, dada." Hakuwa ananikejeli, hiyo ndiyo shida. Sikuinua uso, ila macho yalifika kwenye kiwiko chake. Sweta lilikuwa limechanika pale, likashonwa kwa uzi wa nyavu, wa kijani.

Nikajua nimeshauona ule uzi. Nikajua pia nimeuona wapi, maana mimi vitu vyangu vyote viko sehemu moja.

Jumamosi ile ya dumu nilikuwa Katonga na mama, tunaanika dagaa. Nyumbani nikafungua daftari langu. Naunakili ukurasa huo hapa kama ulivyo, umeshasomwa hadharani, hauna tena pa kujificha:

"Saa nane tumefika. Kuna kaka mmoja ana sweta la shule yetu amekaa kwenye mawe, anaosha raba kwa mchanga. Kiwiko kimeshonwa kwa uzi wa nyavu, kijani. Saa tisa na nusu bado yupo. Saa kumi tumegeuza dagaa, bado yupo, anamtazama kunguru. Ana shingo nzuri. Ndefu, kama ya bata aliyesikia anaitwa jina, lakini nzuri. Nilitaka kwenda kumsalimia nikajificha nyuma ya kichanja, nikajigonga. Saa kumi na moja na kidogo amekuja mtu wa pikipiki na mkungu wa ndizi. Mungu akipenda kaka atageuka nione uso. Mungu hakupenda."

Soma tena saa zile. Mimi niliyemtia hatiani ndiye niliyekuwa shahidi wake wa pekee. Nilimtazama mtu saa tatu nzima kwa nyuma, kisha nikamshtaki saa moja kwa mbele, na mara zote mbili sikumwona uso.

Siwezi kukudanganya kwamba niliamua palepale. Kwanza nilifikiria kunyamaza. Halafu nikafikiria kuuchana ukurasa. Halafu, kwa kuwa nimesoma, nikafikiria njia ya kati, nayo nikaipeleka barazani kwa Wakili Mwanaidi siku ya Alhamisi.

"Nikimpa mtetezi ukurasa," nikamwambia, "lakini ule mstari wa shingo niufunike na karatasi ya gundi?"

Aliusoma mara mbili. Mara ya pili alisimamisha karanga hewani.

"Upande wa pili wakiona gundi watauliza nini?"

"Kuna nini chini."

"Na wakishauliza hivyo, zile saa zako nani ataziamini?"

"Shule nzima itanicheka, Wakili."

"Itakucheka sana," akasema. "Mimi mwenyewe najizuia. Huyo kijana akiondolewa bweni kesho anakwenda wapi?"

"Kalinzi."

"Kuna mtu atamrudisha?"

Nikatikisa kichwa. Akanirudishia daftari. "Basi umeshajua. Ukurasa mzima, Zuhura. Na umpe mtetezi kwanza, kabla ya hakimu. Ni haki yake, si hisani yako."

Ijumaa asubuhi nikamkuta Rama bombani anapiga mswaki. Nikamwambia, "Nina kitu chako."

"Changu?"

"Cha mteja wako."

Akasoma pale pale, povu la dawa mdomoni. Nilisubiri redio ianze. Rama akatema, akasuuza. "Nisome mimi au usome wewe?" akauliza kwa sauti ndogo. "Mimi nitacheka. Siahidi kitu."

Tukaenda pamoja kwa Mwalimu Stephano. Akasema kanuni hazisemi popote kwamba kesi iliyokwisha inaweza kufunguliwa. Rama akasema kanuni hazisemi popote kwamba haiwezi. Mwalimu Stephano akavua miwani, akaifuta na tai, akaenda kumwomba mkuu wa shule asubiri saa moja.

Maabara ikajaa kuliko Jumatano, maana habari ilishatangulia kwamba kuna jambo. Nilisimama. Safari hii sikuwa na karatasi, nilikuwa na daftari lenyewe, na daftari ni zito, ukiliangalia sana mikono inachoka. Nikainua uso. "Mheshimiwa," nikasema, "upande wa mashtaka ulikosea. Naomba kusoma." Nikasoma yote. Nilipofika kwenye shingo nilisikia sauti yangu ikitaka kukatika, nikaisukuma, na ikatoka kubwa mno, kama ya mnadi samaki. Neno "bata" lilisikika mpaka jikoni, Mama Chiku amethibitisha.

Watu walicheka. Nataka ulijue hilo vizuri, usije ukadhani kuna muujiza unatokea mtu akisema kweli. Walicheka mpaka mwiko ukaanguka. Hakimu mwenyewe alijifunika na joho la kwaya. Mtu wa dirishani akalia bata, akajibiwa na wa mlangoni. Nikasubiri. Walipopumua nikasema nililopaswa kusema Jumatano: "Upande wa mashtaka hauna nia ya kuendelea na kesi hii. Tunaomba hatia ifutwe." Mama Chiku, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga yake ya jikoni, akasema bila kuruhusiwa, "Na zile ndizi nilizila, zilikuwa tamu, na sikumshukuru mtoto wa watu."

Hatia ikafutwa. Jalada halikwenda kwa mkuu. Bosco akabaki bweni. Dumu halijapatikana mpaka leo, na kesi iko wazi kwenye kabati, rafu ya juu. Inakusubiri wewe. Kama unalo dumu, lirudishe, hata tupu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nafua, nimejifunga kanga ya mama, nimeapa sitatoka nje mpaka mtihani wa taifa. Getini nikasikia makofi mawili, taratibu. Mama akaenda, akarudi na uso wa mtu anayejizuia.

"Una mgeni. Kaja na ndizi."

Bosco alikuwa amesimama na nusu ya mkungu begani, na lile sweta, joto lote lile. Aliuweka chini, akasalimia kwanza mama, kisha mimi.

"Nimesikia dada kapatwa na jambo jana," akasema.

"Nani kapatwa?"

"Wewe. Bweni zima wanakuita Shingo." Alisema kwa masikitiko ya kweli, kama anayetaja msiba. "Nikaona siwezi kuja mikono mitupu."

Nilikuwa na swali moja, lile lile la Jumatano, na safari hii sikuliuliza. Nikazipokea ndizi. Kisha nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya toka siku ya kwanza ya kesi, nikamtazama usoni. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na akicheka linapanda. Nililiandika siku hiyo hiyo, saa tatu na robo, na ukurasa huo mahakama haiuhitaji.